Kijana wa karakana hupata homa kila Jumamosi usiku, lakini kipimo cha malaria hakionyeshi kitu

Mwenye Karakana (Tanga)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za leo. Ninaandika nikiwa na wasiwasi juu ya kijana ninayemfundisha kazi. Mama yake alimleta kwangu kwa mkono wake mwenyewe, na kijana akiumwa mimi ndiye ninayeulizwa, kwa hiyo namwomba yeyote anayelifahamu jambo hili anieleze kwa kina.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea huku Majani Mapana, na tupo wanne. Kwa kawaida tunatengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda, yaani tunafanya kazi ya chuma cheusi tu. Tangu mwezi uliopita tumepata kazi ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa, na mteja alitaka fremu zote ziwe za yale mabomba meupe yaliyopakwa zinki, kwa sababu upepo wa bahari na mkojo wa ng'ombe humaliza chuma cheusi kwa muda mfupi. Tulianza kazi hiyo ndani ya kibanda chetu cha mabati, maana jua lilikuwa kali nje.

Karakana yetu hufungwa siku ya Ijumaa. Jumamosi ya kwanza kijana alichomelea tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri bila kulalamika, akarudi nyumbani mzima. Baada ya swala ya magharibi alianza kutetemeka kwa baridi, kichwa kikamgonga, viungo vikamuuma, kifua kikambana na akawa na kiu isiyokatika. Mama yake alimpeleka kwenye duka la dawa akapewa dawa ya mseto bila kupimwa. Jumapili jioni alikuwa na nafuu, na Jumatatu alifanya kazi ileile, kwa mabomba yaleyale na moshi uleule, asiumwe hata kidogo, wala Jumanne, wala siku zilizofuata hadi Alhamisi. Tukapumzika Ijumaa, na Jumamosi usiku homa ikarudi kama mara ya kwanza. Safari hii alipimwa, kipimo cha haraka cha malaria kikasema hana, lakini akapewa mseto tena pamoja na dawa ya kuua bakteria. Jumamosi ya tatu mambo yakawa yaleyale, na kipimo kikasema vilevile.

Jambo moja alilonieleza limenikaa kichwani. Anasema kwamba siku anazougua, tangu mchana, kila anachokunywa kina utamu wa ajabu unaofanana na ladha ya chuma, hata maji matupu. Mimi mwenyewe Jumamosi ya pili nilihisi uchovu na baridi kidogo usiku, nikadhani ni umri. Ninawapa vijana wote maziwa kila siku kama nilivyofundishwa na fundi wangu, na kwa kazi hii hayajakosekana hata siku moja kwa kuwa mteja mwenyewe ndiye anayetuletea. Je, hii ni malaria iliyojificha, au ni moshi? Na ikiwa ni moshi, mbona haumuumizi siku nyingine?

Tabibu wa Pwani

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanavyoeleza, na jibu limo katika swali lako la mwisho. Homa inayokuja saa chache baada ya kuvuta moshi wa zinki, ikaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, ikakoma mtu anapoendelea na kazi kisha ikarudi baada ya mapumziko, ni homa ya mafusho ya metali. Katika nchi ambako watu hupumzika Jumapili, mafundi wameiita homa ya Jumatatu. Kwenu mnapumzika Ijumaa, ndiyo maana yenu imekuwa ya Jumamosi. Si ugonjwa mpya hata kidogo: mwaka 1862 daktari Edward Headlam Greenhow aliieleza kwa wafanyakazi wa viwanda vya kuyeyusha shaba ya manjano huko Birmingham, Uingereza, kwa kuwa shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki.

Chuma huyeyuka kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,500 za Selsiasi, lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye nyuzi 907. Kwa hiyo kabla bomba lenyewe halijaanza kulainika, zinki iliyolifunika imekwisha kuwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa huungana na oksijeni, ukageuka kuwa ule moshi mweupe mzito mnaouona, ambao kwa hakika ni unga wa oksidi ya zinki wenye chembe ndogo mno. Chembe hizo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwishoni mwa mapafu. Huko mwili huzipokea kama unavyowapokea vijidudu: seli za kinga hutoa kemikali zilezile zinazoleta homa, baridi na maumivu ya viungo wakati wa maambukizi. Kazi hiyo ya mwili huchukua saa nne hadi kumi hivi, na ndiyo sababu mtu hutoka kazini mzima akaanza kutetemeka akiwa kwake. Akivuta moshi huo tena siku inayofuata, mwili huwa umepunguza ukali wa mwitikio wake, lakini uvumilivu huo hudumu siku chache tu na hupotea kwa mapumziko mafupi.

Naomba niseme jambo kwa niaba ya wenzangu wa taaluma. Damu ya mgonjwa wa aina hii huwa na chembe nyeupe nyingi kuliko kawaida, kama ya mtu mwenye maambukizi, na picha ya kifua mara nyingi huwa safi. Tabibu asiyeuliza kazi ya mgonjwa ataona homa, ataona chembe nyeupe zimepanda, ataandika dawa ya kuua bakteria, na kesho yake mgonjwa atapona na kila mmoja ataamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, tena si mara moja, na ninajuta, kwa sababu wale vijana walirudi kwenye moshi uleule wakiwa na kopo la vidonge mfukoni. Kijana wako akienda kutibiwa, mwambieni tabibu tangu mwanzo: huyu ni mchomeleaji, na leo amechomelea mabomba yenye zinki. Hata hivyo msiache kupima malaria, kwa sababu Tanga malaria ipo na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kinachotakiwa ni kuacha kumeza mseto pale kipimo kinaposema hakuna.

Homa ya zinki haina dawa yake maalumu. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji, humeza dawa ya kutuliza homa na kutazamwa. Lakini kuna hatari inayoanza kwa sura hiyohiyo, nayo ni mafusho ya kadimiamu, metali inayotumika kupaka baadhi ya bolti na kuchanganywa katika baadhi ya lehemu za fedha za kuungia vyuma. Mtu huhisi kana kwamba ana homa ya kawaida ya moshi, kisha, badala ya kupona siku ya pili, mapafu huanza kujaa maji na anaweza kufa. Kwa hiyo yeyote ambaye pumzi inazidi kubana, anakohoa makohozi yenye povu, midomo inabadilika rangi, au hana nafuu baada ya siku mbili, asibaki nyumbani akisubiri. Apelekwe hospitali mara moja, na kwa mliopo mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo.

Fundi wa Duga

Ninaheshimu maelezo ya tabibu, lakini mimi nina miaka kumi na minane katika kazi hii na homa hiyo niliipata nilipokuwa mwanafunzi tu. Mwili ulizoea, na sasa ninachomelea mabati na mabomba ya zinki bila tatizo lolote. Nionavyo mimi, kijana asitishwe na kazi kwa jambo ambalo kila fundi amelipitia. Apewe muda na maziwa, naye atazoea kama tulivyozoea sisi.

Tabibu wa Pwani

Kaka yangu, ninaamini kabisa kwamba homa hiyo huisikii tena, lakini naomba tusilichukulie neno kuzoea kuwa ni kupona. Kilichonyamaza ni kengele. Moshi bado unaingia kifuani, tena hauna zinki peke yake. Mafusho ya vijiti vya kuchomelea yana manganizi, ambayo ikivutwa kwa wingi kwa miaka mingi hudhuru ubongo na kuleta mitetemeko na ugumu wa kutembea unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu na nikeli. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliyaweka mafusho ya kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na hapo halikutenganisha chuma cheusi na vyuma vingine. Wachomeleaji pia hushikwa na nimonia kali kwa urahisi kuliko watu wengine, kiasi kwamba Uingereza hushauri wapewe chanjo ya kuikinga. Miaka yako kumi na minane ni sababu ya kupimwa mapafu sasa, na ninakuomba ufanye hivyo.

Mzee wa Gatini

Mwanangu mwenye karakana, nimesoma habari za kijana wako mara mbili. Nimechomelea matangi, majahazi ya chuma na reli za magati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na leo nikipanda ngazi ya nyumba yangu hapa Chumbageni ninasimama katikati kutafuta pumzi. Sitaki kijana huyo afike nilipofika.

Nianze na maziwa, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwanywesha vijana wengi nikiamini ninawalinda. Maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, na hakuna ushahidi wowote kwamba ya kwanza huuzuia wa pili. Ni chakula kizuri, wape vijana wako. Ubaya wake ni pale fundi anapomaliza pakiti yake na kuona sasa amekingwa, akainamisha uso juu ya bomba bila hofu.

Jambo la kwanza la kufanya ni kutoka ndani ya kile kibanda. Moshi wa zinki chini ya paa la mabati hauna pa kwenda. Tandazeni turubai la kivuli nje, pande zake zikiwa wazi, na kabla ya kuwasha mashine mtazame upepo unatoka wapi. Wakati wa kusi huvuma kutoka upande mmoja, wakati wa kaskazi unageuka, na hapa kwetu hata ndani ya siku moja upepo wa asubuhi si ule wa alasiri. Fundi akae ubavuni mwa upepo, ili moshi upite mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake. Akiupa upepo mgongo, hewa huzunguka mwili na kuurudisha moshi usoni, na nimewaona wengi wakikosea hapo huku wakidhani wamejikinga. Kichwa kisiwe juu ya mshono hata kidogo, kwa sababu moshi hupanda wima kabla ya kutawanyika. Feni inasaidia mkiiweka ubavuni na mkihakikisha haimpelekei mwenzenu anayekata chuma upande wa pili.

La pili, ondoeni zinki kabla ya kuchoma. Saga kwa grenda inchi mbili kila upande wa mahali pa kuunga, ndani ya bomba pia pale mkono unapofika, hadi uone chuma kinang'aa kwa rangi yake. Wakati wa kusaga mvae barakoa na miwani, maana vumbi hilo nalo si la kuvuta. Msiunguze zinki kwa moto wa gesi ili kuitoa, kwani huo ndio moshi uleule mnaoukimbia, na msitumie tindikali, kwa kuwa mvuke wake una madhara yake. Mkimaliza kuunga, pakeni rangi ya zinki mahali mlipomenya ili kutu isianzie hapo.

Kuhusu barakoa, kitambaa kilicholowekwa maji hakizuii chembe hizi, wala ile ya bluu ya hospitalini. Tafuteni ya kuzuia chembechembe inayobana uso pande zote, angalau ya daraja la N95, na bora zaidi ile ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha, mkijua kwamba ndevu huifanya ivuje. Kioo cheusi kinalinda macho, hakilindi mapafu. Na kamwe msifungulie oksijeni ya mtungi ili kupata hewa safi ndani ya tangi au chumba. Nguo zinaweza kulipuka moto kwa cheche moja.

Nina swali kwako kabla sijamaliza. Fremu za mabanda mnazifungia kwa bolti gani? Kama ni bolti kuukuu za chuma chakavu cha meli au mitambo, zenye mng'ao wa dhahabu, msizikate kwa moto wala kuzichomelea. Baadhi zimepakwa zinki tu na baadhi kadimiamu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Na rangi nyekundu iliyo chini ya rangi nyingine kwenye vyuma vya zamani vya meli mara nyingi ina madini ya risasi ndani yake, nayo iondolewe kwanza.

Mwananchi wa Makorora

Ninaongeza upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu wenye karakana ndogo wengi hudhani hauwahusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, na awapime afya wafanyakazi wake wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Kipimo cha mwanzo kina thamani kubwa kwa mchomeleaji: bila kujua mapafu yake yalivyokuwa siku ya kwanza, ni vigumu baadaye kuonyesha yaliharibika lini. Pia upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango wote hutoka kwa mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu katika mshahara wake, na fidia inahusu magonjwa yanayotokana na kazi na si ajali peke yake. Kwa hiyo ugonjwa wa aina hii uandikwe tarehe, saa na kazi iliyofanyika siku hiyo, hata kama mgonjwa amepona kesho yake. Daftari la shule linatosha kuanzia.

Mwenye Karakana (Tanga)

Mzee wangu wa Gatini, shikamoo, na Mungu akupe nafuu ya pumzi. Tabibu na wengine wote, ninawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka Jumamosi nyingine ipite kwanza ili niseme nilichokiona.

Alhamisi nilimwita mama wa kijana nikamsomea majibu yenu yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini nilimpa mtoto wake kazi nisiyoijua, na sikuwa na la kumjibu zaidi ya kukubali na kumwomba radhi. Kwa miaka yote nimekuwa nikihesabu majeraha ya macho na kuungua tu kama hatari za kazi hii. Moshi sikuwahi kuuhesabu.

Tumehamia nje chini ya turubai, upande unaotazama uwanja. Tumenunua barakoa za N95 kwa ajili ya kila mmoja, na ile ya mpira nimeiagiza moja Dar es Salaam, atakayekuwa akichomelea zinki ndiye atakayeivaa. Kusaga zinki kunachukua muda, na siku ya kwanza tulimaliza nusu tu ya fremu tulizozoea kumaliza, kwa hiyo nilikwenda kwa mteja kumweleza ukweli. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Tumekubaliana kwamba viungo vya mabanda yaliyobaki vifungwe kwa vibano na bolti mpya badala ya kuchomelewa, isipokuwa nguzo za pembeni, na atatuongezea wiki mbili.

Jumamosi kijana alichomelea nguzo nne, zote zikiwa zimemenywa. Nilikwenda kwao baada ya isha nikamkuta anakula wali pamoja na wadogo zake, mwili ukiwa wa kawaida, na aliniambia chai haikuwa na utamu ule. Usiku mmoja hautoshi kuthibitisha, kwa hiyo nimeanza daftari kama alivyoshauri Mwananchi wa Makorora, na nitaandika kila Jumamosi hadi kazi iishe. Wote wanne tumepanga kwenda kupimwa mapafu, na ninamwomba Fundi wa Duga tuongozane naye ikiwa atapenda, kwa maana si mbali.

Mzee, kuhusu bolti: ni kweli. Ninalo kopo zima la bolti za rangi ya dhahabu nililonunua kwa muuza chuma chakavu mwaka jana, na tumekwisha kukata chache kwa gesi bila kujua. Kopo nimelifunga na kuliweka juu ya kabati ambako vijana hawafiki. Sitaki kulitupa jalalani ambako wazoa chuma watalichukua na kulirudisha motoni. Anayefahamu mahali pa kulipeleka hapa Tanga ninamwomba anielekeze.